Sifa Ambazo Selipher Hakuzitoa

Katika nyumba ile ya Riyadh hakuna aliyekuwa na haja ya maoni ya Selipher. Aliulizwa chumvi iko wapi. Aliulizwa kama pasi imezimwa, kama mzee amemeza dawa ya presha. Lakini "wewe unaonaje?" ni swali ambalo hakuwa amelisikia tangu aondoke Nairobi, na siku alipolisikia hatimaye, aliulizwa juu ya jezi.

Aliyemuuliza alikuwa mzee mwenyewe, Abu Talal, baba yake madam. Zamani Abu Talal alikuwa injinia, na miaka kumi na mmoja ya ujana wake aliimalizia Kanada, katika mji mdogo wenye kiwanda cha karatasi uitwao Port Arden. Kiharusi kilimpata akiwa ameshastaafu. Kilimwacha na mkono wa kulia usiofanya kazi na ulimi unaotafuta maneno kama mtu anayetafuta funguo mfukoni. Selipher aliletwa kutoka Kenya kumtunza. Alimwosha, alimvisha, alimlisha, na kila asubuhi baada ya chai alimsukumia kiti chake mbele ya runinga kutazama mechi iliyorekodiwa.

Mchezo wenyewe ni hoki ya barafu. Wanaume sita kwa sita, wamevaa viatu vyenye makali chini, wanakimbizana juu ya sakafu ya barafu wakigombania kisahani cheusi cha mpira. Wakichoka kukimbizana wanavua glavu na kupigana ngumi huku refa akiwatazama. Mwezi wa kwanza Selipher alidhani wale watu wamefungwa, na ile ndiyo adhabu yao. Mwezi wa tatu alikuwa anajua nani kipa, nani mzembe. Kufikia mwaka wa pili alikuwa anaacha vitunguu viungue jikoni, na madam anapiga kelele, "Silifa! Harufu!" kwa sababu Loons ya Port Arden ilikuwa inadaiwa bao moja na zimebaki dakika mbili.

Loons ni jina la ndege wa majini wa huko, mwenye kichwa cheusi na jicho jekundu kama pilipili. Mzee alikuwa na jezi ya timu hiyo ya miaka ya themanini, zawadi ya mkewe marehemu katika baridi yao ya kwanza Kanada. Ilikuwa ya kijani kibichi, na kifuani ndege huyo ameshonwa kwa uzi mzito, si kuchapishwa. Alivaa jezi hiyo kila mechi, na baada ya mechi Selipher aliifua kwa mkono, ndani nje, kwa maji yasiyo ya moto, akaianika kivulini juu ya taulo ili uzito wa maji usiivute mabega. Hakufundishwa na mtu. Kwao Yala, kabla maisha hayajamsukuma mbali, alikuwa mtarizi wa vitambaa vya makochi. Hapakuwa na arusi wala matanga ambayo watu hawakuja kuazima vitambaa vyake. Shule aliiacha darasa la nne, lakini kitambaa alikisoma.

Siku moja jicho la yule ndege lililegea. Selipher alimtuma dereva wa nyumba mtaa wa Manfuha, ambako mafundi wa cherehani huuza mabaki ya uzi, kisha yeye mwenyewe akalitarizi upya. Mzee aliligusa kwa kidole cha mkono wa kushoto, kwa muda mrefu, mpaka Selipher akaogopa kwamba ameharibu. Kisha mzee akasema, kwa Kiarabu cha polepole anachokitumia ili Selipher amwelewe:

"Bora kuliko la kwanza."

Habari hiyo Selipher hakuweza kukaa nayo peke yake. Alimpelekea Velma.

Velma alikuwa binti wa Kakamega, mdogo kwake kwa miaka tisa, aliyekutana naye katika bweni la ajenti Nairobi, mahali wanapofundishwa kutandika vitanda vya watu wasiowajua. Walilala kitanda kimoja cha ghorofa, Velma juu, Selipher chini. Velma alikuwa amemaliza kidato cha nne na kusoma kidogo mambo ya hoteli. Kiingereza kilimtoka bila kukwaruza. Ndege iliwagawa: Selipher Riyadh, Velma Jeddah, kwenye nyumba moja ya mtaa wa Al-Nuzha. Lakini kila siku walitumiana sauti kwa simu, na Velma, kama adabu ya kwao inavyotaka, hakumwita kwa jina lake. Alimwita Mama Allan, kwa jina la kifungua mimba wake.

"Mama Allan, wee!" Velma alicheka siku ile. "Kumbe una kipaji na umekikalia tu hivyo! Piga picha ukiwa umeishika hiyo jezi. Hawa Wakanada wako na grupu kwa Facebook, kazi yao ni kubishania jezi tu, asubuhi mpaka jioni. Nakufungulia akaunti. Wewe ongea Kiswahili, mimi nitaandika."

Ndivyo ilivyoanza. Velma alifungua akaunti akaiita Selipher in Riyadh, akaweka picha ya mikono ya Selipher, pete ya shaba kidoleni, imeikunjua jezi ya kijani. Selipher aliongea, Velma akaandika kwa Kiingereza. Kisha Velma alisoma majibu na kuyarudisha kwa Kiswahili, kwa sauti tofauti tofauti, mpaka Selipher akajiziba mdomo kwa kanga asiamshe nyumba iliyolala mchana.

"Huyu ni fundi wa mabomba, anasema amemzika babake na jezi kama hiyo. Huyu anasema ndege wenu anafanana na bata wa kwenye chupa ya jemu. Na huyu, ngoja, huyu anamwambia mwenzake anyamaze, anasema, 'Mwacheni Mama Sindano aongee, ndiye pekee hapa anayejua uzi ni nini.' Mama Allan! Umepewa cheo!"

Mama Sindano. Watu ambao hawakumjua walikuwa wanangoja aseme. Akipika aliwaza atakachosema. Aliwaeleza kwa nini mstari mweupe wa mkononi unageuka wa manjano kwenye kwapa. Aliwaeleza kwamba kola ya kamba ni nzuri lakini kamba yenyewe ifuliwe peke yake. Velma alimtumia picha za maandishi yale, na Selipher, ambaye hakuweza kuyasoma, alilitafuta jina lake pale juu, kisha akahesabu mioyo myekundu pale chini. Mzee naye, kwenye tableti yake, aliyasoma yote, akamtazama Selipher kwa jicho la kujivunia, akisema neno moja tu, "Tamam," yaani safi.

Msimu huu klabu ikatangaza jezi mpya.

Ilikuwa nyeusi. Ndege alibaki mistari mitatu tu, hana jicho, amebandikwa kwa moto, na juu ya moyo kulikuwa na tangazo la kampuni ya bima. Mzee alipoiona alizima tableti. Halafu akaiwasha tena, akamsogezea Selipher, na hapo ndipo alipomuuliza:

"Wewe, Silifa. Unaonaje?"

Selipher aliikuza picha kwa vidole viwili, akaangalia mishono ya bega, akaangalia pembe za ile nembo. Jioni, akikunja nguo, alimwongelea Velma dakika nne nzima.

"Waambie hivi, mdogo wangu. Nembo ya kubandika ukiifua mara ishirini inaanza kuachia pembeni, kama mdomo wa mtu wakati wa upepo wa vumbi. Waambie huyo ndege hana jicho, sasa ataonaje kisahani kinakoelekea? Waambie nyeusi si mbaya, lakini nyeusi ni rangi ya kila mtu. Kijani kile kilikuwa chao. Na useme kwamba mimi namfulia mzee mmoja jezi ya zamani, na hiyo jezi ina miaka karibu arobaini, na bado inasimama. Hiyo ya mwisho usiisahau."

"Siwezi sahau, Mama Allan. Ni poa sana hiyo."

Kesho yake ikaja picha ya maandishi. Jina lake lilikuwa pale juu. Mioyo ilikuwa mingi kuliko siku zote, elfu moja na kitu. Selipher aliibusu simu.

Asubuhi iliyofuata mzee hakutaka chai yake.

Selipher alidhani ni presha. Akampima, presha haikuwa na neno. Alipomletea jezi ya kijani, mzee aliikwapua kwa mkono wa kushoto na kuiweka chini ya mapaja yake, kama mtu anayeficha kitu mbele ya mwizi. Mechi hakutaka. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu aliomba, kupitia kwa bintiye, aoshwe na yule muuguzi wa kiume anayekuja mara moja kwa wiki, na Selipher abaki jikoni.

"Madam," Selipher alisema siku hiyo, akisimama mlangoni na mikono imelowa, "mimi nimefanya nini kwa Baba?"

Madam hakuwa mtu wa makelele siku ile, na hilo lilimtisha Selipher zaidi. Alichukua tableti ya babake, akaifungua, akamwonyesha. Klabu yenyewe ilikuwa imeyachukua maneno ya Selipher in Riyadh na kuyaweka kwenye ukurasa wake, kwa herufi kubwa, juu ya picha ya mikono yake.

"Hii ni mikono ya nani?"

"Yangu, madam."

"Na jina?"

"Langu."

Madam akasoma, akigeuza kwa Kiarabu chepesi, neno kwa neno: "Nimeifua jezi ya zamani miaka mitatu. Imechoka. Na mzee anayeing'ang'ania amechoka pia. Wakati wake umepita. Jezi mpya ni nzuri mno, naipenda, hongera kwa klabu."

Selipher akatikisa kichwa.

"Ana mafi kalam kida," alisema. Alitaka kusema: mimi sikusema hivi. Alirudia, na Kiarabu chake kikamwishia pale pale, kwa sababu Kiarabu chake kilikuwa cha sufuria na dawa, hakikuwa na maneno ya kujitetea. "Mafi, madam. Haki ya Mungu, mafi."

"Basi nani kasema?"

Hapo akanyamaza. Alijua nani. Lakini kulijua jambo na kulitoa mdomoni ni safari mbili, na ile ya pili hakuwa tayari kuianza. Madam alimtazama akinyamaza, akauelewa ukimya ule alivyouelewa.

Usiku na mchana wa siku zile alimtumia Velma sauti. Velma alijibu kwa mafupi: niko na kazi, nitakupigia, wageni wamejaa, yalla, baadaye. Selipher akaanza kumtafutia udhuru. Labda Kiingereza kimemchanganya. Labda kuna mtu kaingia kwenye akaunti. Alizipanga labda zake kama anavyopanga sahani, na usingizini zikavunjika zote.

Wiki mbili baadaye familia ilikwenda Jeddah kwenye arusi ya binamu, na mzee hakuweza kuachwa. Ijumaa mchana, wakati wote wamelala, Selipher alipewa ruhusa ya saa mbili. Alipanda teksi hadi mtaa wa Ghulail, kwenye duka la Ruqayya, mama wa Kizanzibari anayeuza unga wa mahindi na nazi za kukuna, na nyuma ya pazia amewekea wanawake viti vya kusukia nywele. Velma alikuwa amekubali kuja. Alikuwa ameshafika, amekaa chini ya feni, nusu ya kichwa imesukwa.

Alikuwa amevaa jezi mpya ya Loons.

"Mama Allan!" Velma alisimama kumkumbatia. Selipher alibaki na mkoba kifuani. Velma akajikuta amekumbatia mkoba.

"Umeitoa wapi?" Selipher aliuliza.

"Walinitumia. Watu wa klabu. Kaa kwanza basi, kunywa hata soda. Ruqayya, mpe soda."

"Sitaki soda. Nisomee nilichosema."

"Si unajua ulichosema?"

"Ninajua. Nataka kujua wewe ulichosikia."

Ruqayya, aliyekuwa ameshika kitana, alikishusha taratibu. "Velma mwanangu," alisema, "mwenzio kaja na moto. Jibu."

Velma alikaa. Alivuta uzi uliolegea kwenye mkono wa jezi.

"Sikiza, Mama Allan. Zile za kwanza zote niliandika vile ulisema. Zote, naapa. Halafu kuna msichana wa klabu akaniandikia pembeni. Akasema wanapenda sana story yako, mama wa Kenya huko jangwani anashona jicho la ndege. Akasema wanatafuta mashabiki kumi wa kualika uzinduzi, wanatoa barua ya mwaliko. Barua, Mama Allan! Kanada! Unajua watu wanalipia nini kupata hiyo barua? Sasa mimi nitume kwamba jezi yao ni mbovu? Nani anaalika mtu anayemtukana?"

"Sikuwatukana. Niliwaambia ukweli wa kufua."

"Ukweli wa kufua, bana!" Velma alicheka, akaona hachekewi, akaacha. "Mkataba wangu umebaki miezi minne. Kafili aliyeniajiri hataki kuurefusha. Nirudi Kakamega nikafanye nini, niuze mandazi? Wewe uko sawa, una mzee wako anakupenda."

"Alinipenda," Selipher alisema.

Velma hakuelewa, au alijifanya.

"Hayo ya jezi ningekusamehe," Selipher aliendelea, na sauti yake ilikuwa ndogo mpaka Ruqayya akazima feni asikie. "Njaa ya karatasi naijua. Lakini mzee uliingizia nini? 'Amechoka pia. Wakati wake umepita.' Hiyo ulihitaji ya nini? Mimi nilisema namfulia mzee jezi na bado inasimama. Nilikwambia hiyo usiisahau. Hukuisahau, Velma. Uliigeuza."

"Ilikuwa tu inasikika vizuri kwa Kiingereza."

"Astaghfirullah," Ruqayya alisema.

Nje mtu alikuwa anabishania bei ya mihogo. Selipher akavuta kiti, akakaa karibu na Velma goti kwa goti, kama walivyokaa bwenini wakifundishana kusema sabahu-l-heri.

"Toa simu," alisema. "Andika sasa hivi. Mimi naongea, wewe unaandika, Ruqayya anasoma. Sema kwamba yale hayakuwa maneno yangu. Sihitaji useme ni wewe. Sema tu hayakuwa yangu."

Velma aliandika. Vidole vyake vilikwenda haraka kama siku zote, na Ruqayya, ambaye mumewe ni mhasibu na Kiingereza wanakizungumza mezani, alichungulia begani kwake na kutikisa kichwa kukubali. Maneno yote yalikuwepo, hata yule ndege asiyeona kisahani. Ilibaki kubonyeza.

Kidole cha Velma kilisimama juu ya kioo.

"Nikibonyeza hii, Kanada halas, imeisha," Velma alisema.

"Aliyealikwa Kanada ni Selipher," alisema Ruqayya. "Wewe ungeingiaje na jina la mwenzio?"

"Ningewaeleza nikifika pale."

Akaanza kufuta. Hakufuta kwa mara moja. Alifuta herufi moja moja kutoka mwisho, huku machozi yakimtoka, na Selipher akatazama maneno yake yakirudi nyuma mpaka kioo kikawa cheupe.

"Nisamehe, Mama Allan."

Selipher alisimama, akamshukuru Ruqayya kwa kiti, akatoka. Kati ya saa mbili alizopewa, moja ilikuwa bado.

Jioni ile, katika nyumba ya wageni wa arusi, alipiga magoti mbele ya kiti cha mzee. Akamwambia kwa Kiarabu chake cha sufuria yote aliyoweza: sauti, simu, Jeddah, msichana, kuandika. Neno la usaliti hakulijua kwa lugha ile, kwa hiyo alisema, "Rafiki yangu alichukua mdomo wangu." Mzee alisikiliza. Hakusema kama ameamini. Ila waliporudi Riyadh, asubuhi ya kwanza, aliinywa chai, akaitoa jezi ya kijani chini ya mto na kumpa amvishe. Mechi ilipoanza na wachezaji wakaingia na jezi zao nyeusi, aliichukua tableti.

"Sema," alimwambia. "Mimi naandika."

Iliwachukua kipindi kizima cha kwanza na mapumziko yake. Mkono wa kushoto wa mzee ulibofya herufi moja, ukapumzika, ukabofya nyingine. Selipher alisema juu ya nembo na pembe zake, juu ya jicho, juu ya kijani, na juu ya jezi ya miaka arobaini inayosimama. Mzee hakuongeza neno. Aliandika, kwa akaunti yake mwenyewe, kwamba haya ndiyo maneno ya Selipher na yale ya kwanza si yake. Akatuma.

Majibu yakaja mbio. Mzee aliyasoma moja baada ya jingine.

"Wanasemaje, Baba?"

"Wanasema... muongo. Mzee mwenye wivu. Wanasema, Selipher tunamjua. Ameshasema."

Kisha likaja moja lililomfanya mzee asogeze tableti mbali na macho, halafu karibu. Selipher alilitambua kabla hajasomewa. Kwenye kile kiduara kidogo cha picha ya akaunti ilikuwa ni mikono yake, na pete yake ya shaba, na mbele yake jina lake.

"Soma," alisema.

Mzee hakutaka. Alimsihi kwa macho. Selipher akangoja.

"'Mimi ndiye Selipher,'" mzee alisoma, akigeuza polepole. "'Huyo mwanamke simjui. Msimwamini.'"

Kwenye runinga watu walishangilia bao, na kati ya Selipher na mzee hakuna aliyejua ni la nani. Selipher aliomba asomewe tena, taratibu, isije ikawa ni Kiarabu chake kilichomwangusha. Mzee akamsomea tena. Halikuwa na neno gumu hata moja.